Pazia la Sanduku la Torati

Kazi nyingi za sanaa hufanywa ili zitazamwe. Sanamu huchongwa na picha huchorwa kwa nia ya kufika machoni mwa watu. Na mhakiki akiulizwa kama kazi hizo ni njema au mbaya, huanza kwa kujiuliza zimemwonyesha nini. Lakini iko kazi moja ya zamani sana ambayo wajibu wake wa kwanza si kuonyesha bali ni kuficha. Kazi hiyo ni pazia. Wewe, msomaji, umeishi na mapazia tangu utotoni: pazia la mlangoni linalotenga sebule na chumba cha wazazi, pazia la dirishani linalozuia jua la mchana, na pazia la jukwaa katika ukumbi wa shule. Huenda hujapata kufikiri kwamba kitambaa cha namna hii chaweza kuhakikiwa kama shairi au picha. Basi na tuulize leo: je, kitu kilichofanywa ili kifiche kingine chaweza kuwa sanaa? Na kama chaweza, tukipime kwa kipimo gani? Nataka tulijibu swali hili kwa kulitazama pazia lenye historia ndefu kuliko mengi, yaani lile ambalo Wayahudi hulitundika mbele ya sanduku la Torati.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, kwa maana hukumu inayotangulia maarifa ni upuuzi. Katika sinagogi, yaani nyumba ya sala ya Wayahudi, liko kabati au tundu la ukutani, na desturi ni kuliweka upande unaoelekea Yerusalemu. Ndani yake husimamishwa magombo ya Torati, yaani vitabu vitano vya Musa vilivyoandikwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, juu ya ngozi. Kabati hilo huitwa sanduku takatifu, kwa ukumbusho wa sanduku la agano lililobebwa jangwani. Mbele ya milango yake hutundikwa pazia, ambalo kwa Kiebrania huitwa parokheti. Wakati wa kusoma ukifika, pazia husogezwa kando, milango hufunguliwa, na watu husimama. Gombo hutolewa likiwa limevikwa vazi lake, husomwa, kisha hurudishwa. Na pazia hurudi mahali pake. Desturi si moja kila mahali. Wayahudi wengine wenye asili ya Hispania na Ureno hawatundiki pazia nje ya sanduku, na katika Ulaya ya Mashariki iliongezwa juu ya pazia taraza fupi ya kitambaa iitwayo kaporeti. Lakini maana ni ile ile: kilicho kitukufu hakiachwi wazi kama bidhaa za sokoni.

Asili ya pazia hili imo katika kitabu cha Kutoka, kitabu ambacho wasomaji wengi wa Nyeri wamekisikia tangu walipokuwa wakikaa magotini pa mama zao. Humo imeelezwa hema ya jangwani, na ndani yake pazia la nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu, pamoja na kitani nzuri, lililofumwa makerubi kwa ustadi, na kutundikwa juu ya nguzo 4 za mti wa mshita zilizofunikwa kwa dhahabu. Tazama jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Kitabu hicho kinawataja mafundi kwa majina yao, Bezaleli na Oholiabu, na tena kinawataja wanawake wenye mikono ya ustadi waliosokota nyuzi. Katika vitabu vya kale ni nadra fundi kutajwa jina. Wafalme hutajwa, na mashujaa wa vita hutajwa, bali aliyeshona nguo zao husahauliwa. Hapa sivyo.

Baadaye, hekalu lilipokuwako Yerusalemu, pazia lake lilisimuliwa kwa maajabu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliotungwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, unasema kwamba pazia lilikuwa na urefu wa dhiraa 40 na upana wa dhiraa 20, na unene wa kiganja cha mkono. Kwamba lilifumwa kwa kamba 72, na kila kamba ilikuwa na nyuzi 24. Na kwamba makuhani 300 walihitajiwa kulitumbukiza majini lilipotakiwa kutakaswa. Wanazuoni wa Kiyahudi wenyewe walikiri kwamba hesabu ya makuhani hao ni mubalagha, yaani maneno yaliyokuzwa kwa ajili ya utukufu. Hekalu liliharibiwa na Warumi mwaka 70, na mwanahistoria Josephus ameandika kwamba mapazia ya zambarau yalichukuliwa Roma. Wasomaji Wakristo wanalikumbuka pazia hili kwa sababu nyingine: Injili zinasema kwamba lilipasuka tangu juu hata chini siku ya kusulubiwa kwa Yesu. Basi kitambaa hiki kimeingia katika fikira za dini mbili, dini moja ikikumbuka kutundikwa kwake, na nyingine kupasuka kwake.

Huenda utauliza: mambo ya Yerusalemu na Roma yanatuhusu nini sisi tulio chini ya Mlima Kenya? Yanatuhusu kwa ukaribu kuliko unavyodhani. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza la Nairobi liliwekwa mwaka 1912, na jengo linalotumika hadi leo lilizinduliwa mwaka 1955. Upande wa pili wa milima ya Nyandarua, huko Kasuku karibu na Ol Kalou, wako Wakikuyu wachache walioishika dini ya Kiyahudi na kusali katika sinagogi lao dogo la kijijini. Na tukivuka mpaka kwenda Uganda, karibu na mji wa Mbale, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekuwa ameitumikia serikali ya Waingereza kisha akatengana nayo. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, nao wengine wakaendelea kusali kwa siri majumbani mwao. Amin alipoanguka mwaka 1979, waliobaki walikusanyika tena, wakajenga upya.

Tuyashike mambo haya mawili pamoja: pazia la dhiraa 40 katika hekalu la dhahabu, na sala ya siri katika nyumba ya udongo. Kama utukufu wa pazia ungekuwa katika ukubwa na bei yake, basi wanyonge wasingekuwa na pazia kabisa. Lakini sheria ya Kiyahudi haikuweka kipimo cha chini cha uzuri wa pazia la sinagogi. Kitambaa cha kawaida, kikiwa safi na kikitundikwa kwa heshima, chatosha. Hili ndilo jambo la kwanza tunalopaswa kulijua katika uhakiki wetu: thamani ya pazia haianzii katika kitambaa, inaanzia katika kile kinachofunikwa.

Waswahili wana methali isemayo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijaluba kilichopambwa nje kwa nakshi, nacho ukikifungua hukuti kitu cha maana. Methali hii inatupa kipimo kizuri mno cha kupimia pambo lolote. Pambo la mkakasi ni baya, si kwa sababu nakshi yake ni mbaya, bali kwa sababu nakshi imeahidi jambo ambalo ndani halimo. Pazia la Torati ni kinyume chake. Ndani yake mna gombo ambalo watu wanaliheshimu kuliko dhahabu yote iliyodariziwa nje. Pazia laahidi kidogo kuliko kilichomo. Basi mhakiki mwema akisimama mbele ya pazia hasemi tu, “Rangi hizi zinapendeza.” Anauliza, “Je, uzuri huu unaniita kwenda ndani, au unanizuia nje?” Pazia likiwa zuri kiasi cha kumfanya mtu asahau kwamba nyuma yake kuna kitu, limekuwa mkakasi.

Wewe uliyelelewa Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki unayo picha nyingine ya jambo hili, nayo iko mbele ya macho yako kila siku. Mlima wetu, wenye urefu wa mita 5,199, hujionyesha alfajiri, kisha siku nyingi hujifunika kwa mawingu kabla ya adhuhuri. Wazee wa Kikuyu waliouita Kirinyaga waliuelekea walipoomba, na hawakuuona kuwa umepungukiwa kitu ulipofichwa na wingu. Lakini tujihadhari, tusije tukadanganywa na mfano wetu wenyewe. Wingu halikushonwa na mtu. Hakuna aliyekesha akitoboa vidole vyake kwa sindano ili wingu lipatikane, wala hakuna awezaye kulilaumu wingu kwamba limeshonwa vibaya. Pazia ni kazi ya mikono; na kwa kuwa ni kazi ya mikono, laweza kusifiwa na laweza kulaumiwa. Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Basi na tuendelee na kipimo cha pili, nacho ni maneno. Pazia la Torati mara nyingi lina maandishi: aya ya Maandiko, mwaka, jina la aliyelitoa, au jina la marehemu ambaye limetolewa kwa ukumbusho wake. Jambo hili si geni kwetu. Mwanamke wa Afrika ya Mashariki avaapo khanga huvaa maneno pia, na khanga isiyo na jina lake ni kama mtu asiye na sauti. Twajua tangu zamani kwamba nguo yaweza kusema. Swali ni hili: nguo hii inasema habari za nani?

Iko habari ya kweli inayolieleza swali hili vizuri. Katika mji wa Padua, Italia, karne ya 15 ilipokuwa ikielekea mwisho wake, tajiri mmoja aliyeitwa Herz Wertheim aliagiza pazia la sanduku la Torati, naye akataka litiwe umbo la paa, alama ya ukoo wake, lililoinuliwa kwa lulu juu ya kitambaa. Rabi wa mji huo, Judah Minz, alilikataa. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na habari zake zilijadiliwa na wanazuoni hata baada ya rabi huyo kufariki. Mtu mwenye haraka aweza kumwona rabi kuwa mshupavu: ubaya gani wa paa mzuri wa lulu? Lakini fikiri. Watu husimama mbele ya sanduku wakisali, na huinamisha vichwa vyao kuelekea huko. Paa yule aliyetokeza juu ya kitambaa angekuwa mbele ya nyuso zao. Wangekuwa wakimwinamia nani? Mungu wao, au ukoo wa Wertheim?

Katika nchi yetu ya Kenya, ambako makanisa, shule na zahanati nyingi zimejengwa kwa harambee, swali la Padua si la kale hata kidogo. Twaona vibao vya marumaru vyenye majina ya wageni wa heshima, mabenchi yenye majina ya waliotoa fedha, na wakati mwingine kitambaa cha madhabahuni ambacho jina la mtoaji limedariziwa kwa herufi kubwa kuliko jina la Mungu. Simwambii mtu asishukuriwe. Shukrani ni adabu, na hata mapazia ya Kiyahudi yamejaa majina ya watoaji. Lakini kati ya kushukuru na kuabudu kuna mpaka, na mhakiki yampasa auone. Jina lililowekwa pembeni, kwa herufi za kiasi, lamwombea mwenye jina. Jina lililowekwa katikati, kwa dhahabu na lulu, lamsimamisha mwenye jina mahali pasipo pake. Hilo ni kosa la imani, na pia ni kosa la sanaa, kwa sababu limeharibu mpango wa kazi nzima: jicho lililopaswa kupita kwenda ndani limekwama nje.

Sasa linganisha na kazi nyingine ya Italia. Katika Makumbusho ya Kiyahudi ya New York liko pazia la hariri lililodariziwa Venice mwaka wa Kiyahudi ambao ni sawa na 1680 au 1681. Aliyelidarizi ni mwanamke, jina lake Simhah, mke wa Menahem Levi Meshullami, na jina lake limo katika pazia lenyewe. Pambo kuu alilolichagua ni mlima, yaani Sinai, pamoja na zile mbao mbili za Sheria. Uchaguzi huu wastahili sifa, nami nitakueleza kwa nini. Simhah aliwaza: ni kitu gani kiko nyuma ya kitambaa hiki? Ni Torati. Nayo ilitoka wapi? Mlimani. Basi akaushona mlima. Pambo lake halikuletwa kutoka nje ya jambo. Limetoka katika kile kile kinachofichwa. Atazamaye pazia hili amekwisha kuambiwa yaliyomo ndani kabla milango haijafunguliwa, na hata hivyo siri haijavunjwa, kwa maana mlima uliodariziwa si gombo lenyewe.

Wako watakaosema: lakini Simhah naye ametia jina lake, amepishana vipi na yule tajiri wa Padua? Amepishana sana. Wertheim alitia alama ya mtu aliyelipa, tena kwa umbo la kuinuka juu ya vyote. Simhah alitia jina la mtu aliyefanya kazi. Fundi anapotia jina lake anasema, “Makosa yaliyomo humu ni yangu, nami nitajibu kwa ajili yake.” Hilo ni jina la wajibu. Tena kwa sababu yake leo, baada ya miaka zaidi ya 340, twaweza kumtaja mwanamke wa Venice ambaye asingeandikwa katika kitabu chochote cha historia.

Hapa nataka niseme nawe waziwazi, hasa kama u mvulana. Watu wengi huidharau sindano kwa sababu huiona kuwa kazi ya wanawake, na huuhesabu uchoraji na uchongaji kuwa sanaa ya kweli. Hukumu hii haina msingi. Kudarizi mlima kwa nyuzi za hariri kwahitaji macho ya mchoraji, hesabu ya mwashi na subira ya mkulima. Mchoraji akikosea aweza kufunika kosa kwa rangi. Mdarizi akikosea yampasa afumue, na kitambaa hubaki na matundu yanayomshitaki. Hata katika nchi yetu wanawake wa Kikuyu na Wameru wamesuka viondo kwa vizazi vingi, zamani kwa nyuzi za magome na baadaye kwa nyuzi za mkonge, wakihesabu mistari ya rangi kwa vidole huku wakitembea njiani. Viondo hivyo vimevuka bahari, vikauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Lakini majina ya wasukaji hayakuvuka pamoja navyo. Kama kitabu cha Kutoka kilikumbuka kuwataja waliosokota nyuzi, na kama Simhah alitia jina lake Venice, nasi tunayo deni ambalo hatujalilipa.

Kipimo cha tatu ni wakati. Pazia la Torati halina rangi moja mwaka mzima. Siku zile kuu za toba, tangu mwaka mpya hadi siku ya upatanisho, masinagogi mengi hutundika pazia jeupe. Siku ya maombolezo ya kuharibiwa kwa hekalu, mahali pengine huliondoa kabisa, na mahali pengine hutundika jeusi. Vitambaa vya makanisa yetu hufuata desturi iliyo jirani na hii: Wakatoliki wa Nyeri huona zambarau wakati wa Kwaresima na nyeupe wakati wa Pasaka. Nao Waislamu wana kiswa, lile vazi jeusi la Al-Kaaba lililodariziwa aya kwa nyuzi za dhahabu na fedha, ambalo hubadilishwa kila mwaka. Kitambaa kina uwezo ambao jiwe halina: huweza kubadilishwa, na kwa kubadilishwa huwaambia watu ni siku gani. Fikiri ile siku ya maombolezo ambayo pazia limeondolewa. Mahali patupu panasema kwa nguvu kuliko dhahabu. Fundi mwenye hekima hujua pia wakati wa kutoweka pambo.

Kipimo cha nne ni kuazima. Hakuna watu waliokaa na jirani zao wasiazime kitu. Wayahudi waliokaa chini ya dola ya Waturuki waliona misala ya Waislamu yenye umbo la mihirabu, nguzo na taa, nao wakafuma mapazia yao kwa umbo hilo. Moja la namna hii, lililofumwa Misri na kuhesabiwa kuwa la mwanzo wa karne ya 17, liko katika makumbusho ya nguo mjini Washington. Lina tao kama misala, lakini lina aya ya Kiebrania inayohusu mlango wa Bwana. Je, huu ni wizi? La. Aliyelibuni alitwaa tao la jirani akalipa kazi mpya: tao lililokuwa likielekeza Makka sasa limekuwa mlango wa kuiendea Torati. Kuazima kwema ni huku, ambako aliyeazima amefikiri.

Kwa jambo hili tunaye shahidi wetu karibu. Nenda Murang'a, katika kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Humo, mwishoni mwa miaka ya 1950, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, alichora ukutani picha 5 kubwa za maisha ya Kristo. Masimulizi ameyaazima kutoka Palestina, lakini watu, vilima na migomba ni ya huku. Hakunakili picha za Ulaya zilizokuwa zikitundikwa makanisani. Aliyapokea masimulizi na kuyapanda katika udongo wa Ukikuyu. Kazi yake hutazamwa, na kazi ya pazia hufunika. Lakini zote mbili zashinda au zashindwa kwa sababu ile ile. Kazi iliyonakiliwa bila kufikiriwa, iwe picha au kitambaa kilichonunuliwa tayari dukani kwa kuwa kinang'aa, haijasema neno lolote kwa watu wanaokaa mbele yake.

Limebaki pingamizi moja, nalo si dogo. Mtu mwenye huruma atauliza: katika nchi yenye watoto wasio na karo, ni haki kutumia fedha kwa hariri na uzi wa dhahabu? Siwezi kulipuuza swali hili, wala wanazuoni wa Kiyahudi hawakulipuuza. Wao walifundisha kwamba amri ya Mungu yafaa itimizwe kwa uzuri, kisha katika Talmudi wakaweka mpaka: gharama ya kuongeza uzuri isizidi theluthi moja. Uzuri unaruhusiwa, tena unatakiwa, lakini hauna ruhusa ya kumeza vyote. Pia katika Ulaya ilikuwa desturi nguo ya thamani iliyokwisha kuvaliwa, hata gauni la arusi, kugeuzwa kuwa pazia la sanduku. Nguo iliyomfurahisha bibi arusi siku moja iliwatumikia watu wote kwa miaka mingi. Huko si kutapanya mali. Anayesema kwamba maskini hawahitaji uzuri hajawaangalia maskini vyema. Kiondo cha mwanamke asiye na viatu kina mistari ya rangi, na hakuna aliyemlazimisha kuitia.

Basi, msomaji, sasa una vipimo vinne mkononi. Kitambaa kinakuita ndani, au kinakuzuia nje? Kinasema habari za nani? Kinajua siku na majira yake? Na kile kilichoazimwa, kimefikiriwa au kimenakiliwa tu? Huna haja ya kusafiri hadi New York ili uvitumie. Jumapili au Ijumaa ijayo, mahali unaposali, tazama kitambaa kilicho mbele yako, ambacho labda umekitazama tangu utotoni bila kukiona. Kihakiki kwa haki, kisifu panapostahili na kilaumu panapostahili. Kisha ibada ikiisha, ulizia ni nani aliyekishona. Yamkini ni mama mmoja akaaye karibu nawe, aliyekimaliza usiku kwa mwanga wa taa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza neno. Mwandike jina lake.